Fujifilm X-T20 ya mtumba: kamera ya kuanzia kwa anayependa rangi za mitaani

Mtu anayeanza kupiga picha za mitaani, na kinachomvuta ni rangi, namshauri atafute Fujifilm X-T20 iliyotumika pamoja na lenzi ya XF 35mm f/2. Naanza na jibu ili mwenye haraka alichukue aende zake. Mwenye nafasi na abaki, kwa sababu kamera hii ina tabia zake, na asiyezijua atatoka Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso hapa Mombasa, na picha zilizojaa wekundu lakini hazina uhai.

X-T20 ilitoka mwaka 2017. Ina sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa APS-C, ndogo kidogo kuliko fremu ya filamu ya kawaida, yenye megapikseli 24, na ukiipima na betri na memori kadi haifiki gramu 400. Ukiivaa shingoni katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, unaonekana mpita njia mwenye kamera, si mtu wa televisheni, na kwa picha za mitaani hilo lina faida kuliko wingi wa megapikseli. Zimeshatoka mpya kadhaa juu yake, ndiyo sababu ya mtumba inapatikana kwa bei ambayo kijana anayejitafutia anaweza kuipangia. Yangu niliinunua hapa hapa mjini kwa bwana mmoja aliyekuwa akihamia kamera ya video za harusi.

Kilichonivuta ni mitindo yake ya rangi. Fujifilm ni kampuni iliyoanza mwaka 1934 kwa kutengeneza filamu, na majina ya filamu zake imeyatia ndani ya kamera: Provia, Velvia, Astia na kadhalika. Filamu yenyewe ya Velvia ilitoka mwaka 1990, na wapiga picha wa mandhari waliipenda kwa jinsi inavyokoza rangi. Anayeanza akisikia hivyo hukimbilia menyu, akaweka Velvia, akapandisha Color, yaani ukolezaji wa rangi, hadi +4, kisha akatoka. Kamera itamtii. Tatizo litaonekana akifika kwenye leso.

Pale Biashara Street leso zinatundikwa milangoni moja juu ya nyingine, na maduka yanafuatana mtaa mzima. Chukua leso moja nyekundu yenye pindo jeusi na korosho nyeupe mjini, yaani katikati ya leso. Itazame kwa macho kwanza. Ule wekundu si mmoja. Kwenye mkunjo umeingia weusi, pale kitambaa kinapopigwa na jua umesogea karibu na rangi ya machungwa, na ukikaribia unaziona nyuzi zenyewe, hata wino ulipovuka kidogo mstari wa korosho. Sasa ipige kwa Velvia na Color +4. Mkunjo umepotea, nyuzi zimepotea, umebaki na baka moja jekundu lililojaa fremu, na maandishi ya leso yameanza kumezwa na rangi iliyo nyuma yake. Rudi kwenye Provia, mtindo wa kawaida, weka Color +1, punguza eksposha (kiasi cha mwanga wa picha) kwa theluthi mbili za stopu, yaani −2/3, piga tena. Mkunjo umerudi, na kwa sababu umerudi, nyekundu iliyo juani inaonekana kali maradufu. Jicho linaiona rangi imekolea likiwa na kivuli cha kuipimia, na ukikijaza kivuli nacho rangi umelinyang'anya kipimo.

Hapo ndipo X-T20 inapomfaa mwanafunzi. Gurudumu la eksposha liko juu, upande wa kulia, kidole gumba kinalifikia bila kuondoa jicho kwenye kioo cha kuchungulia. Na kile unachokiona kwenye kioo hicho ndicho utakachopata: mtindo wa rangi umeshaingia, giza na mwanga vimeshaingia. Kamera za DSLR za zamani, zile zenye kioo cha kuakisi ndani, ambazo studio nyingi bado zinazo na zinauzwa rahisi, hukuonyesha mtaa ulivyo kupitia lenzi, halafu picha unaijua ukishabonyeza. Ni kamera nzuri, sizidharau. Lakini anayejifunza rangi anahitaji kuona pale pale kwamba akipunguza mwanga, manjano ya tuktuk inaiva, na akiongeza, inapauka kuelekea weupe. Akiona hivyo kwa macho yake, mkono utaanza kulizungusha gurudumu wenyewe.

Sababu ya kupunguza ni hii. Kipimo cha mwanga cha kamera hutafuta wastani. Mama aliyevaa buibui akisimama kando ya mlango mweusi wa mbao, kamera huona giza tele, inaongeza mwanga, na ule mkungu wa ndizi alioushika unachujuka. Ukuta wa chokaa ukijaza fremu, mambo hugeuka: kamera inapunguza yenyewe, na ukipunguza tena juu yake unapata picha iliyofifia. Kwa hiyo usiiache kamera kwenye −2/3 siku nzima kwa kuwa umesoma hapa. Tazama kioo.

Mwanga wetu nao una masharti. Mombasa iko digrii nne tu kusini mwa ikweta, na ikifika saa sita mchana jua liko utosini. Vivuli vinakuwa vifupi na vizito chini ya macho ya watu, mabati yanang'aa, na rangi zote zinapigwa na ule mng'ao mweupe. Hakuna mtindo wa Fujifilm utakaokuokoa saa hiyo. Toka mapema, saa moja hadi saa tatu asubuhi, au subiri saa kumi na nusu jioni. Ikiwa huna budi kutoka mchana, ingia Ndia Kuu usimame upande wa kivuli. Kuta zilizo mkabala, zile zilizopakwa chokaa, zinapigwa na jua na kuurudisha mwanga upande wako ukiwa laini. Mzee aliyeketi barazani hapo, na mlango wa kijani nyuma yake, ana mwanga ambao studio ingeulipia. Na hapo, kwenye kivuli laini, ndipo Velvia inapostahili kutumika, kwa sababu tofauti za mwanga ni ndogo na inazikoza bila kuziharibu.

Wakati mwingine mzuri ni masika, mvua ikishakatika. Lami, mabati, majani ya mwarobaini, vyote vimeondokewa na vumbi na vinang'aa. Filta ya polaraiza ya milimita 43, ndiyo inayoingia kwenye lenzi hii, huondoa ule mng'ao wa maji na kuiacha rangi ya chini yake. Kwangu mimi ni pesa iliyotumika vizuri kuliko programu yoyote ya kuediti.

Marikiti, sokoni, ndipo wengi wanapochanganyikiwa, na si kosa lao. Wauza mboga wametandaza maturubai juu ya meza, mengi ya bluu. Jua likipenya turubai la bluu, kila kilicho chini yake kinakuwa cha bluu: nyanya zinakuwa na rangi ya zambarau iliyooza, bizari inakuwa kijivu, uso wa muuzaji unaonekana wa mgonjwa. Kamera ikiachiwa mizani ya weupe (White Balance, inayoamua nyeupe ni ipi) ijiamulie, husahihisha nusu na kuacha nusu. Ukiongeza Color hapo umeongeza ubluu tu. Fanya hivi: ingia kwenye mizani ya weupe, chagua ile ya kujiwekea mwenyewe, kisha elekeza lenzi kwenye kitu cheupe kilicho chini ya turubai hilo hilo. Karatasi inatosha, na kanzu ya mteja aliyesimama hapo inafaa pia. Bonyeza. Nyanya zinarudi kuwa nyanya. Ukirudi juani usisahau kuirudisha kwenye alama ya jua, maana sasa kila kitu kitatoka cha machungwa.

Njia ya pili naipenda zaidi: achana na katikati ya turubai, nenda ukingoni, pale jua linapoingia kwa ubavu na kumulika meza robo tu. Mabuyu yaliyopakwa rangi, mekundu kabisa, yakiwa kwenye pakiti za plastiki, nusu juani na nusu kivulini. Hapo hata Provia bila kuongeza chochote inatosha.

Kwa nyuso za watu, Velvia naiweka kando. Ngozi zetu, za kahawia kwa vivuli vyake vyote, inazisukuma kwenye wekundu, na mtu anaonekana kama ametoka jikoni. Astia inakoza nguo na kuiheshimu ngozi. Classic Chrome, ambayo wengi mitandaoni wanaipigia debe, ni mtindo mzuri wa rangi zilizotulia, lakini kwa mtu anayetaka rangi za Pwani unamnyima buluu ya bahari na ya mbingu. Sina ugomvi na wanaoupenda, mimi nauacha.

Wapo watakaouliza kwa nini wasitumie simu. Simu za siku hizi zina nguvu, ila nyingi zina tabia ya kuchanganya picha kadhaa kuwa moja na kuviinua vivuli hadi vionekane. Chini ya baraza unaona kila kitu, na juu ya barabara unaona kila kitu, na picha nzima imekuwa bapa. X-T20 hukiacha kivuli kiwe kivuli. Mtaani jua likiwa kali sana naweka DR200, mpangilio wa kulinda sehemu zenye mwanga mkali, ambayo kwenye kamera hii inahitaji ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) kuanzia 400, na inayalinda mawingu na kanzu nyeupe zisiungue. DR400 siitumii mara nyingi. Inalainisha mno.

Kitu kingine ambacho anayeanza atakishukuru: ukipiga RAW (faili ghafi ambalo halijatiwa rangi) na JPEG (picha iliyokamilika) pamoja, unaweza kukaa nyumbani ukaifungua RAW ndani ya kamera yenyewe, ukaitengeneza upya kwa Provia, kisha Velvia, kisha Astia, ukazitazama kando kwa kando. Hakuna kompyuta. Kisha unazituma kwenye simu kwa WiFi. Jioni moja ya kulinganisha hivyo itakufunza mengi kuliko kununua vifurushi vya rangi vinavyouzwa mitandaoni.

Lenzi ya XF 35mm f/2 kwenye sensa hii inaona kama lenzi ya 53mm kwenye kamera ya filamu, yaani inakata pembeni na kuona eneo dogo. Kwa rangi hilo ni jema: mwanafunzi analazimika kuchagua rangi mbili au tatu, kaniki nyeusi mbele ya ukuta wa manjano basi, badala ya kuukumbatia mtaa mzima na kila bango la kampuni ya simu. Inashika fokasi haraka na kimya. Skrini inainuka, hivyo unaweza kupiga ukiwa na kamera kiunoni.

Mapungufu yapo. Betri ni ya picha kama 350, ukitoka asubuhi kutwa beba ya pili. Lenzi imefungwa dhidi ya mvua na vumbi lakini mwili wa kamera haukufungwa, basi manyunyu yakianza itie mfukoni. Haina kitulizi cha mtikisiko ndani ya mwili, na lenzi hii pia haina, kwa hiyo usiku kwenye vibanda vya viazi karai ongeza ISO bila kuogopa. Shata ya kielektroniki ni kimya kabisa, ila chini ya baadhi ya taa za LED inaacha mistari kwenye picha. Tumia ya kawaida. Kufuatilia mtu anayekimbia si kazi yake kubwa.

Ukienda kuikagua ya mtumba, piga ukuta mweupe kwa f/16, tundu la lenzi likiwa dogo, uikuze picha: madoa meusi huwa ni vumbi la sensa, au mikwaruzo yake. Mulika lenzi kwa tochi ya simu, maana unyevu wa Pwani huotesha ukungu kwenye vioo. Zungusha kila gurudumu, chomeka waya wa kuchaji uone kama unashika.

Na watu je? Rangi nzuri nyingi mjini kwetu zimevaliwa na mtu. Salimia kwanza. "Asalaam aleikum mama, naomba nipige picha leso zako." Atakwambia, "Piga leso mwanangu, mimi niache," na unaiacha sura yake nje ya fremu, basi. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na uso wa mtu ukiutumia kwa biashara bila idhini yake unajitafutia kesi. Lakini hata isingekuwepo, mtaa ukikuzoea kwa heshima utakufungulia milango ambayo lenzi ndefu haiifikii. Kivukoni Likoni usiitoe kamera kabisa, picha haziruhusiwi.

Anayetaka video zaidi ya picha atafute kamera nyingine, maana hii ikirekodi 4K hukata baada ya dakika kama kumi. Na kama XF 35mm imekushinda bei, iko XC 35mm f/2 ya mwaka 2020: vioo ni vile vile, filta ni ile ile ya milimita 43, ila ni ya plastiki, haina pete ya kufungulia mwanga wala kinga ya mvua. Chukua hiyo, na tofauti ya bei inunulie betri ya pili na polaraiza.