Incoterms 2020 kwa mwagizaji wa Lubumbashi: zipi zinafaa, zipi zinaumiza

Incoterms ni kanuni za Chemba ya Biashara ya Kimataifa (ICC) ya Paris zinazogawa gharama na hatari ya mzigo kati ya muuzaji na mnunuzi; zilianza 1936. Toleo la 2020 lina kanuni 11, kila moja ikiitwa kwa herufi tatu. Ni kazi nzuri sana, mradi herufi hizo ziandamane na mahali kamili na mwaka wa toleo. Proforma (ankara ya awali) ya "CIF Kongo" ni bure, maana CIF (muuzaji analipia meli na bima hadi bandari ya kufikia) hudai jina la bandari.

Inayoumiza wengi hapa ni CIF Dar es Salaam. Bei inavutia kwa kuwa muuzaji kalipia meli na bima. Lakini hatari humhamia mnunuzi mara mzigo unapopakiwa melini kule ulikotoka: ukizama, hasara ni yako. Bima yenyewe ni ya kiwango cha chini, wizi haumo. Tena sheria ya bima ya Kongo ya 2015 inataka bidhaa zinazoingia nchini zikatiwe bima humu humu, basi unalipa mara mbili. Kutoka Dar bado kuna gharama za bandari, transiti, faini za kuchelewesha kontena na karibu kilomita 2000 za barabara kupitia Tunduma na Zambia, zote juu yako. Na kwa kontena, CIF na FOB (muuzaji anapakia melini, nauli ni ya mnunuzi) hazifai hata kidogo, kwani kontena hukabidhiwa bandarini siku kadhaa kabla halijapanda meli.

DDP (muuzaji analeta mzigo hadi kwako na kulipa ushuru pia) inasikika tamu. Ila muuzaji wa ng'ambo asiyesajiliwa Kongo atalipaje ushuru na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% kwa jina lake? Lori hukwama mpakani.

DAP Kasumbalesa (muuzaji analeta mzigo hadi mpakani hapo, ushuru ni wa mnunuzi) inamfaa anayeanza. Andikeni upande gani na yadi gani, maana jina hilo liko Zambia na Kongo pia. Kutoa mzigo DGDA (forodha ya Kongo) ni juu ya mnunuzi, na lori likisubiri kwa sababu karatasi za mnunuzi hazijakamilika, gharama za siku hizo ni zake. Incoterms hazitaji FERI (hati ya taarifa za mzigo unaoingia) ya OGEFREM, ofisi ya serikali ya mizigo, wala ukaguzi wa OCC, ofisi ya udhibiti wa bidhaa: mkataba useme nani anashughulikia na nani analipa.

Mwenye transiteri (wakala wa forodha na usafirishaji) wa kuaminika achukue FCA, ambapo muuzaji anakabidhi mzigo kwa msafirishaji wa mnunuzi. Muuzaji anamaliza forodha ya kwao na, ikiwa ni ghalani kwake, anapakia mwenyewe. EXW (unachukua mzigo mwenyewe kwa muuzaji) haimlazimishi lolote kati ya hayo. Kwa FCA wewe unachagua meli na lori, ukidai hati moja ya usafiri hadi Lubumbashi.