Uzoefu wangu na juzuu la maandishi ya Thomas Paine: kagua haya kabla ya kulipa

Hakimiliki ya Thomas Paine, mwandishi wa siasa wa karne ya 18, ilikwisha zamani, kwa hiyo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuyachapa maandishi yake na kuyauza. Ndiyo maana jina la Rights of Man (Haki za Binadamu) kwenye jalada halikuambii umenunua nini. Mimi nimeyatumia kwa namna tatu: toleo la wanafunzi lenye tanbihi, faili za bure za kusomea kwenye simu, na chapa za nafuu zinazochapwa moja moja mteja anapoagiza. La kwanza nalipatia nyota nne na nusu. Faili za bure, nyota tatu. Chapa za nafuu, nyota moja, nayo ni ya karatasi.

Anza kukagua kwenye Common Sense, wito wake kwa Wamarekani wajitenge na Uingereza. Kijitabu hiki kilitoka Philadelphia tarehe 10 Januari 1776, kwa mchapishaji Robert Bell, kikiwa na sehemu nne. Mwezi uliofuata Paine alikipeleka kwa wachapaji wengine, akina Bradford, akaongeza nyongeza mwishoni na barua kwa Wakweka, Wakristo wanaopinga vita. Sasa, ile sentensi maarufu inayosema kwamba uwezo wa kuianzisha dunia upya uko mikononi mwetu imo kwenye nyongeza hiyo. Haimo katika toleo la kwanza la Bell. Mtu akinunua chapa iliyonakili toleo la kwanza atapekua kurasa zote asiione, na jalada la nyuma huenda limeinukuu vilevile. Fungua yaliyomo: ukiona sehemu nne tu na hakuna nyongeza, rudisha.

Kipimo kingine cha kitabu hichohicho kimo katika sehemu ya nne, anapojadili uwezo wa Marekani kujenga jeshi la majini. Toleo kamili lina jedwali la gharama za meli, kuanzia pauni 35,553 kwa meli ya mizinga 100. Paine mwenyewe anaeleza hapo kwamba matoleo mawili ya mwanzo yalitoka bila hesabu hizo. Jedwali likikosekana, unalo toleo la mapema, au mchapaji wako ameliruka kwa sababu lilimsumbua kulipanga.

Wanaopenda picha za kurasa asilia wajue jambo moja. John Almon alikichapa Common Sense London mwaka huohuo wa 1776, akaacha nafasi tupu kila mahali maneno yalipomgusa mfalme vibaya, maana aliogopa mashtaka. Ukikuta mapengo katikati ya mstari usimlaumu aliyepiga picha, hivyo ndivyo kilivyotoka kiwandani. Kama ushahidi wa udhibiti wa enzi zile, nakala hiyo ni lulu. Kama nakala ya kusomea, haifai.

Tatizo kubwa la faili za bure linatokana na programu ya kutambua maandishi kwenye picha za kurasa. Wachapaji wa karne ya 18 walitumia s ndefu iliyokaribia sana umbo la f, na programu huisoma kama f. Ukitafuta neno society kwenye faili la namna hiyo hupati kitu. Andika fociety uone yanavyomiminika. Hilo ni kero tu. Linaloharibu maana ni alama ya pauni: zamani iliwekwa herufi l baada ya tarakimu, na programu huifanya 1. Pauni 4 zinageuka 41, na hoja nzima ya mwandishi inaporomoka bila msomaji kujua.

Hoja yenyewe ni ipi? Iko katika Rights of Man, sehemu ya pili, sura ya tano, ambayo kwangu ndiyo kilele cha juzuu zima. Watu wengi humjua Paine kama mpiga kelele dhidi ya wafalme. Humo ndani anakaa chini kama mhasibu. Anachukua pauni milioni nne za kodi ambazo anaona serikali haizihitaji na kuzigawa. Watoto 630,000 wa familia maskini, walio chini ya miaka 14, kila mmoja pauni 4 kwa mwaka: jumla 2,520,000. Wazee 70,000 wa kuanzia miaka 50, pauni 6 kila mmoja: 420,000. Wengine 70,000 wa kuanzia miaka 60, pauni 10 kila mmoja: 700,000. Jumla kuu 3,640,000, na zinabaki 360,000 kwa elimu na mengineyo. Chukua kalamu, zijumlishe kutoka kwenye nakala yako. Zikikataa kulingana, nakala ni mbovu, na usiamini tarakimu nyingine yoyote iliyomo.

Sura hiyohiyo ina jedwali la kodi ya mapato ya mashamba makubwa. Mstari wa kwanza ni peni 3 kwa kila pauni, na kiwango kinapanda hadi elfu ya 23 ya mapato hayo, ambako kodi inafika shilingi 20 kwa pauni. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na shilingi peni 12, hivyo hapo anachukua yote. Kwenye simu jedwali hili huvunjika, safu zikapandana. Lisome ukiwa umelaza simu, au tumia PDF ya ukurasa uliopangwa vizuri badala ya faili la maandishi matupu. Sehemu hii ya pili, ya Februari 1792, ndiyo iliyomletea kesi ya uchochezi London Desemba mwaka huo. Alihukumiwa akiwa hayupo, tayari ameshakuwa mjumbe wa bunge la Ufaransa.

Sehemu ya kwanza, ya 1791, ni ngumu zaidi, nayo ndiyo inayonifanya nisisitize tanbihi. Haina sura zenye namba. Ni jibu refu kwa Edmund Burke, mbunge wa Uingereza aliyeyapinga mapinduzi ya Ufaransa, aliyechapisha Reflections on the Revolution in France Novemba 1790, naye Burke alikuwa akijibu hotuba ya mchungaji Richard Price ya Novemba 1789. Msomaji anaingia kwenye ugomvi uliokwisha kuwaka. Asiyejua kilichotokea Versailles tarehe 5 na 6 Oktoba 1789, umati ulipovamia kasri la mfalme na malkia wa Ufaransa, hataelewa kwa nini Paine anamshambulia Burke kwa kuyahurumia manyoya na kumsahau ndege anayekufa. Asiyejua tamko la bunge la Uingereza baada ya mapinduzi ya 1688, la kujifunga wao na vizazi vyao milele, atapitwa na kurasa bora kabisa kuhusu wafu kuwatawala walio hai. Toleo zuri huweka maelezo hayo chini ya ukurasa uleule. Yakiwekwa mwisho wa kitabu, kwenye simu yanachosha kuyafuata.

Kwa hiyo usisome kwa mpangilio wa jalada. Ningeanza na Common Sense, niende sehemu ya pili ya Rights of Man, ndipo nirudi ya kwanza nikiwa na kurasa za Burke pembeni, angalau zile za malkia na zile za 1688. Burke naye hakugawa sura, basi chagua nakala yenye faharasa.

Juzuu nzuri humalizia na Agrarian Justice, fupi sana, ya 1797. Humo Paine anasema ardhi katika hali yake ya asili ni mali ya wanadamu wote, hivyo mwenye shamba anadaiwa na jamii. Fidia yake: pauni 15 kwa kila anayefikisha miaka 21, na pauni 10 kila mwaka kwa kila aliyefika 50, maskini kwa tajiri. Fedha zitoke kwenye mirathi. Hakikisha dibaji ipo, ile inayolijibu hubiri la askofu wa Llandaff kwamba Mungu ndiye aliyeumba matajiri na maskini. Chapa za nafuu huikata, na bila hiyo huoni anagombana na nani. The Age of Reason ni suala la dini na ladha yako. Angalia tu kwamba ina sehemu ya 1794 na ya 1795.

Majalada ya chapa za biashara hupenda kutangaza kwamba Common Sense iliuza nakala nusu milioni. Paine alidai 120,000, na hata hizo wanahistoria wanazitilia shaka. Vilevile makala ya 1775 ya kupinga utumwa wa Waafrika, inayotiwa kwenye baadhi ya mikusanyiko kwa jina lake, haijathibitika kuwa yake. Usilipe zaidi kwa ajili yake. Kwa mada hiyo afadhali fedha hiyo ununue simulizi ya Olaudah Equiano ya 1789, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa mtumwa mwenyewe. Equiano aliisimamia kupitia matoleo tisa akiendelea kuirekebisha, kwa hiyo nako uliza kwanza nakala imefuata toleo lipi.