Ziara ya miguu ya Amsterdam wakati wa vita: wenzangu wa masijala, hii msiikose

Kama uko Uholanzi kwa kozi, au umekwenda kumsalimia ndugu, na una asubuhi moja tu ya kuitumia Amsterdam, boti za mifereji ziache. Chukua ziara ya miguu inayopita kwenye maeneo ya miaka ya utawala wa Wajerumani, 1940 hadi 1945. Nililipa yuro 25, tukatembea karibu saa tatu. Mimi ni mtunza kumbukumbu katika halmashauri, Tanga. Mafaili ndiyo kazi yangu. Katika ziara hii mizinga na majenerali ni wachache. Waliojaa ni makarani, kadi na makabati.

Aliyetuongoza ni mzee wa Kiholanzi, mwalimu mstaafu wa historia, mwenye sauti ya darasani na subira ya kujibu swali hata la mara ya tatu. Tulianzia uwanja wa Jonas Daniel Meijer, ubavuni mwa sinagogi (nyumba ya ibada) ya Wayahudi wenye asili ya Ureno iliyokamilika 1675, mbele ya sanamu ya kuli wa bandarini iliyochongwa na Mari Andriessen. Februari 1941 Wajerumani walikusanya hapo wanaume wa Kiyahudi zaidi ya 400, wakawapeleka kambini, na karibu wote hawakurudi. Tarehe 25 mwezi huo wafanyakazi wa tramu wakagoma, makuli wa bandarini wakafuata, kisha viwanda na maduka. Mji ulisimama siku mbili, hadi mgomo ukavunjwa kwa nguvu ya silaha. Mzee alisisitiza kwamba wengi wa waliogoma hawakuwa Wayahudi. Waligoma kwa ajili ya majirani zao. Mpaka leo kila Februari 25 watu hukusanyika kwenye sanamu hiyo.

Ukitazama huku na huku utashangaa mbona mtaa wa zamani una majengo mapya. Jibu lake ni njaa. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, chakula na makaa ya mawe vilipokatika na watu wakawa wanakula vitunguu vya maua ya tulipu, nyumba za Wayahudi waliochukuliwa zilikuwa tupu. Watu waling'oa mbao zake, ngazi na maboriti, wakazifanya kuni. Nyingi zilidondoka zenyewe.

Hatua chache kutoka hapo, Weesperstraat, kuna ukumbusho wa majina uliobuniwa na Daniel Libeskind na kufunguliwa 2021. Ni kuta za matofali, na kila tofali lina jina, tarehe ya kuzaliwa na umri wa mtu alipouawa: zaidi ya majina 102,000, Wayahudi na Waroma (jamii iliyozoeleka kuitwa Wajipsi), yamepangwa kwa herufi. Nilisimama kwenye safu moja ya ukoo mmoja: mtu wa miaka 71, wa 40, wa 6, wa miezi. Kwa mtu aliyezoea rejista, ule mpangilio unauma kuliko sanamu yoyote.

Kisha mtaa wa Plantage, na hapa ndipo pesa yangu ilipolipa. Ukumbi wa tamthilia wa Hollandsche Schouwburg ulifanywa kituo cha kuwakusanyia Wayahudi kabla ya kupelekwa kambi ya Westerbork. Watoto wadogo waliwekwa ng'ambo ya barabara, katika kituo cha kulelea watoto kilichosimamiwa na Henriëtte Pimentel. Walter Süskind, Myahudi aliyepewa kazi ya kuandikisha watu pale ukumbini, alikuwa akiyaondoa majina ya watoto kwenye kadi. Mtoto asiyekuwa na kadi hatafutwi. Baadaye anapitishwa ua wa nyuma hadi chuo cha ualimu cha jirani, kwa mkuu wa chuo Johan van Hulst, au anatolewa kwa mlango wa mbele tramu ikisimama na kumziba askari macho. Waliokolewa watoto kama 600. Pimentel na Süskind wenyewe hawakuiona amani. Chuo kile sasa ni sehemu ya makumbusho ya taifa ya mauaji ya Wayahudi, yaliyofunguliwa 2024. Ziara haiingii ndani, kwa hiyo jipangie wewe mwenyewe kurudi.

Pembeni kidogo, Plantage Kerklaan 36, ndiyo iliyokuwa masijala ya watu wa mji mzima. Rejista za Uholanzi zilikuwa na safu ya dini tangu zamani, na aliyeiweka hakumtakia mtu mabaya. Wajerumani walipofika walikuta kazi imeshafanywa. Mwaka 1941 ofisi ya takwimu ya mji iliwachorea ramani, kila nukta ikiwa Wayahudi kumi. Afisa wa Kiholanzi, Jacob Lentz, alikuwa amebuni kitambulisho kigumu mno kughushiwa, chenye picha na alama ya kidole. Usiku wa Machi 27, 1943, kikundi cha wasanii na vijana wa udaktari kikiongozwa na Gerrit van der Veen na Willem Arondeus kiliingia kikiwa na sare za polisi, kikawachoma walinzi sindano za usingizi, kikawalaza kwenye bustani ya wanyama ya jirani, kisha kikamwaga kadi sakafuni na kuzilipua. Wazimamoto walikuja bila haraka, wakamwaga maji mengi kuliko moto ulivyohitaji, ili kilichosalia kiharibike. Watu 12 walipigwa risasi Julai 1 kwa tendo hilo.

Mimi nimefundishwa kwamba kuharibu kumbukumbu ni kosa kubwa la kazi. Nilisimama pale nikawaombea wale walioziunguza. Na nilifikiria sensa yetu, ambayo haijauliza dini tangu 1967. Kabla ya kuongeza safu kwenye fomu, lazima tujiulize atakayeisoma kesho ni nani.

Kasoro zipo. Kundi lilikuwa kubwa, na kelele za tramu zilimmeza mzee, jisogeze mbele. Pale Kerklaan tulikaa dakika chache tu, halafu muda mwingi ukatumika uwanja wa Dam, mahali askari wa majini wa Kijerumani walipowafyatulia risasi watu waliokuwa wakisherehekea Mei 7, 1945. Habari hiyo ni nzito, lakini ingetosha nusu ya muda ule. Pia hakugusia kwamba nakala za kadi zilikuwa mji wa The Hague, jumba la Kleykamp mkabala wa Kasri la Amani, na kwamba ndege za Uingereza zililipiga Aprili 11, 1944 ili kuziharibu. Waliuawa zaidi ya watu 50, wengi wao wafanyakazi wa ofisi ile. Bila hilo msikilizaji anaondoka akidhani moto wa Kerklaan ulimaliza kazi.

Vaa viatu vya kutembelea, beba koti la mvua, na usisimame kwenye njia ya baiskeli. Nyumba alimojificha Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara, haimo. Tiketi zake hutolewa mtandaoni kila Jumanne, kwa ziara za wiki sita mbele. Watoto chini ya miaka kumi nisingewapeleka. Ukimaliza, rudi Kerklaan 61, makumbusho ya upinzani, ujipe saa mbili nzima. Nyota nne kati ya tano; ya tano nitaitoa siku watakapopunguza watu na kuiongezea masijala nusu saa.