Mtambo wa mkaa wa vifuu kwa majitaka ya zahanati

Zahanati ninayoisimamia hapa kisiwani Mombasa ilifungiwa mtambo mdogo wa majitaka na kampuni moja ya mjini, na kwa kuwa wenye zahanati jirani wanauulizia, ni haki waelezwe unachokiweza na usichokiweza. Maji huanzia kwenye tangi la hewa, ambamo bakteria hula uchafu, kisha tope hutuama, maji hupita kwenye pipa la mkaa ulioamilishwa wa vifuu vya nazi (mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vingi vya kunasa kemikali), na mwisho hutiwa klorini.

Mkaa ndio uliostahili gharama yote. Mgonjwa hutoa kwa mkojo sehemu kubwa ya dawa aliyomeza, na tangi la hewa peke yake halitoshi kuziondoa dawa hizo: kati ya dawa za kuua bakteria, amoksilini huvunjika upesi majini na siprofloksasini hung'ang'ania kwenye tope, lakini dawa mbili zilizomo kwenye Septrin huweza kulipita. Katika hizo mbili, trimethoprimu hunaswa vizuri na mkaa, ilhali salfamethoksazoli ndiyo hutangulia kupenya mkaa unapochoka. Kwa hiyo anayesubiri maji yabadilike rangi ndipo aubadilishe, amekwisha kuchelewa.

Tulishauriwa kuongeza ozoni, gesi kali inayovunja mabaki ya dawa, nikakataa. Uswisi, ambako sheria tangu 2016 inavitaka vituo teule vya majitaka viondoe asilimia 80 ya mabaki ya aina hii, hutumia ozoni au mkaa, lakini kisima chetu kina chumvi ya bahari, na bromidi iliyomo ikikutana na ozoni huzaa bromati, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani.

Upande wa bakteria, sifa zangu zinapungua. Dawa kidogo isiyotosha kuua huwapa nafasi bakteria sugu kuwashinda wenzao, na ndani ya tangi la hewa, walikosongamana, hupokezana vinasaba vya usugu kupitia plasmidi, yaani vipande vidogo vya DNA vinavyoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Mkaa, unaokuja baadaye, hauwezi kuyafuta yaliyokwisha kutendeka humo. Maabara yetu ilipootesha maji yaliyotoka kwenye mtambo, bakteria walijaa sahani hadi ukingoni mwa kikaratasi chenye siprofloksasini, bila duara tupu hata chembe, yaani dawa hiyo haikuwazuia. Chumba cha klorini kilijengwa kidogo mno, hivyo asubuhi, wodi zinapooshwa, maji hukipita kabla klorini haijafanya kazi. Kampuni ilibisha, kisha ikakubali kukipanua, na sahani zilizofuata zilikuwa safi zaidi, ingawa klorini ikimuua bakteria si lazima ivunje vinasaba vyake. Jambo hili haliwezi kudharauliwa katika kisiwa cha mwamba wa matumbawe wenye matundu, ambamo majitaka yanayomwagwa shimoni husafiri hadi visima vya watu. Usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Ufungaji ulikuwa nadhifu na mafundi walikuwa wastaarabu. Hata hivyo, mkataba haukusema neno kuhusu mkaa uliochoka. Tulipofungua pipa ulikuwa umevaa utelezi wa bakteria, nao una dawa zote ulizonasa; ukitupwa jaani, mvua itazirudisha ardhini. Ninaupendekeza mtambo huu kwa anayeweza kuandikisha, kabla ya kulipa, kwamba kampuni itauchukua mkaa huo na kuuchoma kwenye tanuri la joto kali, na kwamba chumba cha klorini kitapimwa kwa maji ya saa ya wingi, si kwa wastani wa siku.