Miaka mitatu na Camera Link: kasi sina ugomvi nayo, kebo ndiyo iliyonitoa jasho

Kiwandani kwetu tunachapa mifuko ya unga. Juu ya rola tumefunga kamera ya mstari, ile inayosoma mstari mmoja mmoja plastiki ikipita: pikseli 4096, mistari 40,000 kwa sekunde. Zidisha, kila pikseli ikiwa baiti moja, ni megabaiti kama 164 kila sekunde. GigE Vision, yaani kamera inayotuma picha kwa kebo ya mtandao, ya gigabiti 1 haifiki hata megabaiti 125, nikaiacha. Nikachukua Camera Link, kiwango cha mwaka 2000 cha kuunganisha kamera na kompyuta kwa kebo yake maalumu. Ngazi yake ya chini, Base, inabeba hadi 255. Kamera yangu inatumia njia mbili za biti 8 kwa megahezi 85, yaani 170. Inatosha, ila kwa kubanana.

Ninachokipenda zaidi ni jozi nne za nyaya zilizotengwa ndani ya kebo kwa ajili ya kuiamuru kamera. Enkoda ya rola, kile kifaa kinachopima mzunguko wake, inaingia kwenye kadi ya kunasa picha iliyo ndani ya kompyuta, kadi inatoa amri, mstari unapigwa papo hapo. Mashine ipunguze mwendo ghafla, picha hairefuki wala haijikunji.

Siku ya kwanza lakini nilicheka peke yangu. Nembo ya mfuko ilitokea mara mbili, nyembamba, kila moja na upande wake. Kamera ilikuwa inatuma pikseli za witiri njia moja na za shufwa njia nyingine, kadi nayo nimeiambia ipokee nusu ya kushoto na nusu ya kulia. Kadi hizi hazibahatishi, usipozieleza zitakuchorea unachostahili.

Sasa kebo. Chumba cha kompyuta kiko mbali na mashine, nikaagiza kebo ya mita 15. Muuzaji aliapa itafanya kazi. Picha ikajaa chembe nyeupe na mistari ya kurukaruka. Nikabadilisha taa. Nikalaumu mota. Wiki nzima imepita ndipo nikasoma kwamba kiwango chenyewe kinaishia mita 10, na kwenye megahezi 85 hata hizo 10 ni za kubahatisha. Nilipoishusha kamera hadi megahezi 40 picha ikatulia, lakini hapo nabaki na megabaiti 80, nusu ya ninachohitaji. Ikabidi kompyuta ihamie kando ya mashine, ndani ya kabati la chuma, kwa kebo ya mita 5. Kila Jumatatu nafuta vumbi kwenye feni.

Kama mashine yako iko karibu na kompyuta, ichukue bila wasiwasi. Mashine ya pili naiwazia CoaXPress: waya mmoja wa koaksi, gigabiti 6.25 kwa sekunde, umeme wa kamera humohumo, na unafika makumi ya mita. Bei ya kadi yake imenifanya nifunge ukurasa mara mbili. Ila safari hii nimepima kwanza kwa futi kamba: mita 22.