Mashine ya kufyekea majani kwa sehemu za baridi: anza na kabureta

Asubuhi ya Juni hapa Njombe, ukiwa na uwanja wa shule wa kufyeka kabla kengele haijalia, nguvu ya mashine haikusaidii kama haiwaki. Petroli ya baridi haigeuki mvuke upesi. Injini inataka petroli nyingi na hewa kidogo, na kazi ya choki ni kuibana hiyo hewa. Kwa hiyo mimi hupanga mashine kwa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ndipo nitazame mengine.

Ya kwanza kwangu ni Stihl FS 250, yenye injini ya sentimita za ujazo 40.2. Kabureta yake ni ya kiwambo: mpira mwembamba unaocheza kwa mvuto wa injini na kufungua njia ya petroli, hata mashine ikiwa imelala ubavu. Kwa miteremko yetu hilo ni jambo kubwa. Bonyeza kile kipira cha petroli mara tano au zaidi, funga choki, vuta kamba. Ikikohoa tu, fungua choki palepale. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaendelea kuvuta choki imefungwa, plagi inalowa. Ikilowa, itoe, ikaushe, fungua choki, zima swichi, vuta kamba mara kadhaa tundu likiwa wazi, ndipo uirudishe. Kwa oili ya Stihl yenyewe, changanya mililita 20 kwa lita moja ya petroli.

Ya pili ni yenye injini ya Honda GX35. Nayo ni ya kiwambo, ila oili ina sehemu yake, huchanganyi kitu kwenye petroli. Kwenye baridi inaamka vizuri sana. Nimeishusha kwa sababu moja: akiiazima mtu asiyekagua oili, injini inakufa.

Ya tatu ni zile za Kichina za cc 52, yaani sentimita za ujazo 52. Bei nafuu, vipuri kila duka. Yangu iligoma kuwaka baada ya kukaa msimu mzima na petroli ndani. Nilipofungua kabureta, kiwambo kilikuwa kimekakamaa kama karatasi iliyolowa ikakauka. Ukinunua hii, nunua na kiwambo cha akiba, na umwage petroli kila unapoiweka stoo.

Ya mwisho ni yenye kabureta ya boya, kama ya pikipiki. Kwa kuwaka asubuhi haina shida, maana petroli inasubiri kwenye kibakuli. Lakini iinamishe kwenye ukingo wa mtaro uone: inamwaga petroli au inazima. Inafaa tambarare tu.

Zipo pia za kabureta ya kielektroniki, kama M-Tronic ya Stihl, zinazojirekebisha zenyewe. Ni nzuri, ila ulizia kwanza kama fundi wa karibu ana kifaa cha kuzipima.

Dukani nenda asubuhi, na uguse silinda kabla muuzaji hajavuta kamba. Ikiwa na joto, ameshaiwasha kabla hujafika. Mwambie utarudi kesho.