Upinde au bunduki ya upepo, kwa mtu wa Mwanza?
Kama unataka hobi ya kulenga shabaha, mi nasema usiangalie bei kwanza, angalia upepo. Upinde wa Olimpiki unapigwa mita 70, duara la pointi kumi lina sentimita 12.2, sasa jaribu hiyo mchana kule Ilemela upepo wa ziwa ukiwa umeanza kuvuma, mshale unasukumwa pembeni we unabaki kulaumu mkono wako, ndo maana asubuhi na mapema ni bora zaidi. Ila upinde unakufundisha mwili mzima, mgongo, pumzi, subira.

Bunduki ya upepo ni mita 10 tu, ndani ya ukumbi, virisasi vya milimita 4.5, halafu hiyo kumi yenyewe ni kanukta ka nusu milimita!! Hapo hata mapigo ya moyo yanakuharibia. Ila usije ukainunua kimya kimya, pita polisi kwanza uulize habari ya kibali, majirani wa Kirumba wakiona mtutu hawatauliza kama ni wa upepo.

Mi nachagua upinde, na nyuma ya shabaha uwe na kichuguu au ukuta wa udongo, sio njia ya watoto.